Kisu cha Harusi ya Sekela

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni Ijumaa moja ya masika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, nimesimama peke yangu katika karakana ya Mzee Gwakisa pale Bondeni, Kyela mjini, na mkononi nina kisu kilichonyooka kama rula. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi huwezi kusikia mtu aliye mlangoni. Nilikuwa na furaha. Nakwambia hilo mapema kwa sababu nisipokwambia utadhani mtu anayefanya kosa huwa anajua kwamba analifanya. Siku ile mimi nilikuwa naimba.

Ngoja kwanza nikueleze karakana yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa.

Mzee Gwakisa alikuwa mhunzi, lakini si wa majembe kama wahunzi wa zamani. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha mbao huko milimani, akinoa visu vya mashine za randa, na alipostaafu akarudi Kyela na mzigo wa visu chakavu ambavyo kiwanda kilikuwa kinatupa. Kwenye chuma hicho alikata visu vya jikoni, visu vya kuchinjia na visu vya kupasulia kakao. Mimi nilikuwa naye mwaka wa saba. Sikuwa na shule ya maana, na kwetu nilikuwa yule mtoto ambaye akitajwa watu wanabadilisha mazungumzo. Kwa Mzee Gwakisa ndiko nilikoanza kuitwa fundi.

Ufundi wake mkubwa ulikuwa kwenye mabamba mawili ya alumini, mazito, kila moja unene wa vidole vitatu. La chini alilifunga kwa boliti juu ya meza, la juu alilitilia mpini wa mbao wa kulishikia. Mafundi wengine, kisu kikishakuwa chekundu motoni, wanakichovya kwenye mafuta au maji. Chuma chembamba ukikichovya hivyo kinajikunja, halafu unahangaika kukinyoosha kwa nyundo na mara nyingi kinakufia mkononi. Mzee Gwakisa alikitoa kisu motoni kwa koleo, akakilaza juu ya bamba la chini, akashusha bamba la juu na kulilalia kwa uzito wake wote. Alumini inanyonya joto upesi, juu na chini kwa pamoja, na chuma kinakosa nafasi ya kujikunja. Baada ya muda mfupi unakishika kwa mkono mtupu. Kinatoka kimenyooka na kimekomaa. Ukikipitishia tupa, tupa inateleza, haing'ati.

"Hapo bado si kisu," alikuwa akituambia kila mara, hata kama tumesikia mara mia. "Hapo ni kigumu mno. Ukikipinda kinakatika kama glasi. Lazima kirudi kwenye moto mdogo, kilegee kidogo, ndipo kiwe kisu."

Moto huo mdogo tuliupata kwa jirani. Mama Atu, ambaye uwanja wake ulipakana na wetu, alioka mikate kwenye tanuri aliyoitengeneza kwa pipa na udongo. Akishatoa mikate ya asubuhi, tanuri inabaki na joto lilelile tulilolihitaji, nasi tunaingiza visu vyetu humo vikae mpaka mchana. Kwa hiyo visu vya Mzee Gwakisa vyote vilipita pale palipopita mikate ya Bondeni. Watu walitucheka, lakini visu havikuwahi kurudishwa.

Sasa nikupeleke kwenye ile Ijumaa.

Nina mdogo wangu wa kike, anaitwa Sekela. Tumezaliwa wawili tu. Jumamosi yake alikuwa anaolewa na Lugano, kijana wa Ipyana, wa familia yenye mashamba ya kakao na mpunga. Ndugu zetu wa Mbeya walikuwa wanakuja na magodoro, masufuria, na hata kabati. Mimi nilikuwa nimeamua kumpa kisu cha kupasulia kakao nilichokitengeneza mwenyewe, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya vizuri, na nilitaka watu wakione kikitoka mkononi mwangu mbele ya ukumbi mzima. Mpini nilishauchonga kwa mninga na kuutilia misumari ya shaba. Kilichobaki kilikuwa kukikomaza.

Alhamisi Mama Atu alifiwa na kaka yake huko Ipinda. Mzee Gwakisa, kama jirani mwema, alikwenda naye mazikoni. Alipokuwa anapanda gari akanigeukia akaniambia, "Ambokile, kisu cha dada yako kisubiri. Jumatatu Mama Atu atawasha tanuri. Kesho kutwa mpe dada yako maneno matamu, kisu kitamfuata."

Nikamjibu, "Sawa, mzee."

Ijumaa mvua ikanyesha, nami nikawasha jiko la mkaa peke yangu. Nilikitazama kile chuma kikibadilika rangi mpaka kikafika pale nilipofundishwa, nikakitoa, nikakilaza kwenye bamba, nikashusha la juu na kulilalia. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipoinua bamba, mwanangu, kisu kilikuwa kimenyooka kuliko chochote nilichowahi kukifanya nikiwa na mzee pembeni. Nikakiweka jichoni kama mtu anayelenga bunduki. Hakikuwa na kasoro hata ya unywele. Ndipo nikaanza kuimba.

Tanuri ya Mama Atu ilikuwa baridi. Ningeweza kuiwasha mwenyewe. Kuni zilikuwa zimelowa, na pipa lile kupata joto linachukua nusu siku, lakini ningeweza. Nilisimama mlangoni nikaitazama kupitia mvua. Kisha nikajiambia kwamba kisu kitakwenda harusini hivi hivi, kitaonekana, halafu Jumatatu nitamwomba Sekela anirudishie kwa siku moja nikimalize. Nikakipitisha msasa, nikakifunga mpini, nikakizungushia kitambaa cheupe.

Harusini kilipita meza hadi meza. Baba yake Lugano alikijaribu kwenye unywele wa mkono wake, unywele ukaanguka, akapiga makofi. Mjomba wetu wa Mbeya, yule aliyekuwa hanisalimii kwa jina, akaniita "fundi" mbele ya watu. Sekela akiwa na shela lake alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama anavyofanya kwa wakubwa, akasema, "Ndaga fijo, kaka." Nadhani sijawahi kushukuriwa vile, kabla ya siku ile wala baada yake.

Jumatatu sikwenda kukichukua.

Sikiliza vizuri hapa. Ile Ijumaa ningeweza kuitetea hata leo. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka, nilitaka sifa. Lakini harusi ilipita, mzee akarudi akidhani niliwasha tanuri mwenyewe, Jumatatu ikapita, na Ipyana siyo mbali, ni mwendo wa baiskeli. Niliona aibu kumfuata bibi harusi nimwambie, lete ile zawadi, haijaisha. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema kakao bado hazijaiva, hakitumii. Nikaja nikaanza kujiuliza kama kweli ni lazima. Labda chuma kile kilikuwa tofauti, labda mzee anazidisha. Nilikuwa na miezi minne ya kwenda kukichukua. Miezi minne, mwanangu, na baiskeli ilikuwa inaegemea ukuta wa karakana kila siku.

Kakao zilipoiva, wanawake wa Ipyana wakaanza kupasuliana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Unaijua kazi hiyo: unalipiga tunda kwa kisu, unakipinda kidogo, tunda linafunguka, mwenzako anachota mbegu. Sekela alilipiga tunda lake la tatu au la nne, akakipinda kisu, kikakatika. Kipande kidogo kama kucha kikaruka na kumwingia jicho la kushoto.

Walimleta Kyela kwa bajaji... hapana, bajaji zilikuwa bado hazijafika enzi hizo. Walimleta kwenye karia ya baiskeli, mume wake akisukuma na shemeji akimshikilia. Kutoka Kyela wakampeleka Mbeya. Madaktari walifanya walichoweza. Jicho halikupona.

Nilifika Mbeya siku ya pili. Kitandani alikuwa Sekela na bandeji nusu ya uso, Lugano amesimama upande mmoja, na mama mkwe wake amekaa upande wa pili na kikapu cha chakula miguuni. Wote wakanitazama. Wakati wote nikiwa kwenye basi nilikuwa nimepanga nitakachosema. Lakini kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa, "Sekela, kwani ulikuwa unakifanyia nini hicho kisu?"

Sekela akasema kwa sauti ndogo, "Nilikipinda ndani ya kakao, kaka. Nilikipinda kwa nguvu. Nimekiharibu kisu chako, nisamehe."

Mama mkwe akaguna, akasema, "Nilijua. Mkono wake mzito tangu alipofika."

Wote walikuwa wananisubiri mimi. Nikasema, "Basi, dada yangu. Yameisha. Nimekusamehe."

Ndiyo, nilimsamehe. Alikuwa amepoteza jicho kwa kazi ya mikono yangu, akaniomba radhi, nami nikampa. Na akashukuru.

Mzee Gwakisa alizisikia habari hizo. Siku ya nne alimwomba Lugano amletee vipande. Lugano alivileta vimefungwa kwenye karatasi ya sukari, akaviweka mezani, akaenda zake. Mzee alivitoa nje kwenye mwanga, akapatazama pale kilipokatikia kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akachukua tupa, akaipitisha kwenye kipande kikubwa. Ikateleza. Mimi nilikuwa nafagia vumbi la chuma, naisikia.

"Ambokile. Kiliingia kwenye tanuri ya Mama Atu?"

"Kiliingia, mzee."

Akaninyooshea ile tupa. "Pitisha wewe."

Nikaipitisha. Kisu kilicholegezwa kinang'atwa kidogo na tupa, unasikia mkononi. Hiki kilikuwa kioo kitupu. Nilirudia mara mbili kama mjinga, kana kwamba mara ya pili kingebadilika.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Mimi nina visu vyangu vitatu vilivyovunjika maishani, na kila kimoja najua kilivunjika kwa sababu gani na nilimwambia nani. Hiki si changu. Siwezi kwenda kukisemea. Nenda Ipyana leo. Mwambie dada yako, mwambie na mume wake, mama mkwe naye awepo. Hutagusa mabamba yangu mpaka uwe umekwenda."

Nikapanda baiskeli nikaenda. Na kwa kweli nilikusudia. Njiani niliyarudia maneno kwa sauti, "Sekela, kosa lilikuwa langu," mpaka watu mashambani wakawa wananitazama.

Nilimkuta uani anapika, bandeji bado ipo. Aliposikia kengele ya baiskeli aligeuza kichwa chote, kwa sababu upande ule alikuwa haoni. Akafurahi kuniona! Akanitolea kigoda, akamwita Lugano kutoka shambani, wakakamata jogoo. Mama mkwe akatoka nje, akanisalimia "ugonile" kwa heshima kubwa, akamwambia jirani aliyepita, "Huyu ndiye kaka yake. Kisu cha thamani vile kimeharibiwa, wala hakununa." Nikala jogoo. Nikanywa chai. Nikaaga, na Sekela akanisindikiza mpaka barabarani ameshika mkono wangu, kwa sababu alikuwa bado hajazoea kutembea na jicho moja.

Nilirudi Bondeni nikamwambia Mzee Gwakisa, "Nimekwenda."

Akanitazama. Akasema, "Pole. Najua ilikuwa kazi." Kisha akanipa koleo.

Safari hii sikusema uongo, unaona? Nilikuwa nimekwenda. Kuna maneno ya kweli mabaya kuliko uongo, na lile lilikuwa mojawapo. Mzee yule aliishi miaka sita baada ya hapo, akanifundisha yote aliyobakiza, akaniachia karakana na mabamba yake, akafa akiamini alimlea mtu mkweli. Nililibeba jeneza lake upande wa kichwani.

Maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea. Nikaoa, nikapata watoto, na sasa wajukuu. Watu wa Kyela wakawa wanaleta visu vyao kwangu kama walivyovileta kwa mzee. Nakuapia hakuna kisu changu kilichotoka tena bila moto mdogo. Visu vingine nilivirudisha mara mbili na tatu, mpaka mke wangu akadhani nina ugonjwa wa wasiwasi. Lakini usahihi wangu wote ulikuwa kwa wateja. Kwa Sekela sikurekebisha chochote.

Kule Ipyana hakushika tena kisu. Mwanzoni mama mkwe wake alimkataza. Baadaye hakukuwa na haja ya kumkataza. Wenzake wakipasua kakao, yeye anabeba maganda. Msibani wanawake wakikaa kumenya ndizi na kukata nyama, yeye anateka maji. Hakuna aliyemtukana. Ilikuwa ni kawaida tu, kama vile mtu mwingine anavyojulikana kwamba haimbi. Akapata binti, wakamwita Neema, na yule mtoto alipokua akashika kisu, bibi yake akamwambia, "Weka chini, una mkono wa mama yako."

Nami nilisema hivyo. Hili sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Ilikuwa sikukuu moja nyumbani kwangu, Neema ana kama miaka tisa, anamenya ndizi, watu wamejaa uani. Nikasema kwa kicheko, "Hebu mpokeeni huyo kisu, ana mkono wa mama yake." Watu wakacheka. Sekela naye alicheka. Neema akaweka kisu chini, akaenda kukaa karibu na mama yake.

Ilipita miaka ishirini kamili tangu harusi. Kanisani kwetu kukawa na uchaguzi wa wazee wa kanisa, na jina langu likapendekezwa. Mchungaji akauliza kama kuna mtu wa kunisemea. Sekela alikuwa amekuja kutoka Ipyana na kina mama wa huko. Akasimama. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

Akasema, "Mimi ni mdogo wake. Kaka yangu alinipa kisu siku ya harusi yangu, alikitengeneza kwa mikono yake. Nikakivunja kwa uzembe wangu, jicho langu hili likaenda. Mwingine angenisema. Yeye alikuja hospitali akaniambia, yameisha, nimekusamehe, na tangu siku hiyo hajanikumbusha hata mara moja. Mtu wa hivyo anafaa kuwa mzee wa kanisa."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniangalia akitabasamu. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusimama, mwanangu, mbele ya wale wote, wakati maneno yake bado yako hewani. Sikusimama. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Ipyana. Nilimkuta peke yake, anaanika mbegu za kakao juani, anazigeuza kwa mikono. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaletewa chai. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: Ipinda, mvua, tanuri baridi, miezi minne, hospitali, jogoo, Mzee Gwakisa. Aliendelea kugeuza kakao mpaka nilipofika hospitali. Hapo mikono ikasimama.

Nikamaliza. Nilisikia redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo.

Kisha akasema, "Nilikuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Ukanipa."

"Ndiyo, dada yangu."

"Nauomba urudi." Hakupandisha sauti. "Ule msamaha, kaka. Sema kwa kinywa chako kwamba hukuwa na kitu cha kunisamehe. Usiniambie pole. Sema hivyo."

Nikasema.

Akasema, "Jicho ningelizoea. Watu wana jicho moja wanaishi. Lakini mimi nimekaa miaka ishirini nikijua kwamba nina mikono mibaya. Mwanangu nimemnyang'anya kisu kwa mkono huu huu. Mama mkwe amekufa akijua hivyo." Akaangalia kakao zake. "Neema yuko ndani. Mwite umwambie wewe."

Nilimwita Neema, binti wa miaka kumi na tisa wakati huo, akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu. "Mjomba, ile siku ya sikukuu kwako, ulipowaambia waninyang'anye kisu, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Akarudi ndani. Sekela akaniambia, "Nenda sasa. Lugano nitamwambia mwenyewe. Na usije hapa Jumapili." Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuwatembelea.

Nilikwenda pia kwa mchungaji nikalitoa jina langu. Kisha nikaomba nafasi kwa kina mama wa Ipyana, siku ya kupasua kakao, nikasimama mbele yao nikawaeleza kwamba kisu kile hakikuharibiwa na Sekela, kilitoka kwangu kikiwa kibovu. Walinisikiliza. Mmoja, mtu mzima, aliyekuwepo siku ile, akasema tu, "Na sisi tulimbebesha maganda." Sekela mwenyewe hakuwepo. Sijui kama alishika kisu tena. Nimesikia Neema anashika, na kwamba ana mkono mwepesi sana. Nimesikia tu.

Hiyo ni miaka mitano sasa. Tukikutana kanisani Sekela ananisalimia, ugonile, nami namwitikia, kisha anaendelea na wenzake. Hajanitukana na hajamzuia mwanangu yeyote kwenda kwake. Ila mimi bado sijaambiwa kwamba naweza kwenda Jumapili, na sitaomba. Wengine wameniambia nitume wazee wakanisemee. Nimekataa. Safari hii namsubiri mtu ambaye ana haki ya kunisubirisha, hata kama ni mpaka nife.

Haya ndiyo ninayotaka uondoke nayo, mwanangu, uwe fundi wa chuma, nesi, dereva, au mwalimu. Kazi yako ikiwa na hatua moja ambayo hakuna anayeiona, hiyo ndiyo ya kutoiruka. Na ukiiruka, mwambie aliyeipokea kazi siku hiyo hiyo, kabla hajaitumia. Utaona aibu. Aibu ya siku ya kwanza ni ya kwenda na baiskeli na kurudi, umemaliza. Mimi niliiahirisha ikawa ya miaka ishirini, na sikuibeba peke yangu. Niliwabebesha mdogo wangu na mtoto wake, na wao hawakujua wamebeba nini. Na mtu akija kwako kukuomba radhi kwa jambo ambalo moyoni unajua ni kosa lako, usimwambie amesamehewa. Mzuie hapo hapo, hata kama watu wamejaa, hata kama wamekuja kukusifu. Na mkubwa wako akikutuma kwenda kukiri, usirudi ukamwambia "nimekwenda". Rudi ukamwambia "nimesema", au rudi ukamwambia "nimeshindwa, nisaidie". Mzee Gwakisa angenisaidia. Angepanda nyuma ya baiskeli ile ile, na mvi zake, tukaenda wote. Hilo nalijua, na ndilo linaloniuma nikiwa karakanani peke yangu.

Basi. Mungu wa mama zetu akupe mikono yenye subira. Akupe kinywa kinachowahi kusema kabla mwingine hajaumia. Watu wako wakikushukuru, wakushukuru kwa kitu cha kweli, na ukikosea akuwekee karibu mtu wa kukwambia ukweli, na miguu ya kumtii. Ukaishi, mwanangu, na nyumba unazoingia zikaendelea kukupokea.